Gari ni Lako, Lakini Asesa ni wa Nani? Historia Fupi ya Bima, Gereji na Sisi Watu wa Garsen

Najua nimekuwa kimya, na wengine mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Kazi ilizidi, halafu likatokea jambo la kifamilia lililonifanya nisome vitu ambavyo chuoni, kwenye shahada yangu ya kompyuta, hakuna mhadhiri aliyewahi kuvigusa: sheria za bima, hukumu za mahakama na vitabu vya bei za spea. Kwa hiyo leo hakuna Linux wala simu mpya. Leo ni magari. Vumilieni kidogo, programu za kompyuta zitaingia humo humo.

Mjomba wangu anaishi Garsen. Ana Probox ambayo hubeba maembe ya Ngao na kuyapeleka Malindi, na akirudi hubeba bidhaa za maduka. Gari alilinunua kwa mkopo, na mkopeshaji akamtaka akate bima kubwa, ile inayofidia hata gari lako mwenyewe. Mjomba akalipa, akabandika stika kwenye kioo, akaendelea na kazi.

Desemba, msimu wa maembe ukiwa umechanganya, alikuwa akirudi usiku. Kabla ya kufika Minjila, ng'ombe akaingia barabarani. Mjomba hakuumia, alhamdulillahi, lakini boneti, bampa, rejeta, taa ya kushoto na kioo cha mbele vilikwenda. Asubuhi gari likavutwa hadi kwa fundi wa Garsen, mtu anayeijua Probox ile kama kiganja chake. Fundi akakagua, akasema spea zitakuja na basi kutoka Mombasa, kazi ni siku 5, gharama ni shilingi 90,000.

Mjomba akapiga simu kwa kampuni yake ya bima. Akaambiwa gari lisiguswe. Lipelekwe kwenye gereji iliyo katika orodha ya kampuni, na iliyo karibu iko Mombasa, zaidi ya kilomita 200. Gharama ya kuvuta gari ilizidi kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, kwa hiyo tofauti akailipa mwenyewe. Asesa akaja gereji baada ya siku 12. Gereji ikataka pesa hizi, asesa akazikata, gereji ikakataa, wakavutana. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Gari lilitoka baada ya wiki 9, likiwa na taa ya mtumba, na kabla ya kupewa ufunguo mjomba alitakiwa kutia saini karatasi inayosema ameridhika na kazi. Msimu wa maembe ulikuwa umekwisha. Rejesho la mkopo halikusubiri.

Nilipokwenda kumwamkia aliniuliza, "Wewe si mtu wa kompyuta? Basi nitafutie kwenye hiyo intaneti yako. Huyu asesa ni mtu wa nani? Wangu, wa gereji, au wa bima?"

Nikacheka. Halafu nikagundua kuwa sina jibu. Makala haya ndiyo jibu nililolipata.

Sheria haikuja kutengeneza gari

Tuanze mwanzo. Mwaka 1930 Uingereza ilipitisha sheria ya barabara iliyomlazimu kila mwenye gari kuwa na bima ya mtu wa tatu. Katikati ya miaka ya 1940 utawala wa kikoloni ukaleta wazo hilo hilo Kenya, na sheria hiyo bado tunayo hadi leo: ni Sura ya 405 ya Sheria za Kenya. Stika iliyo kwenye kioo cha kila matatu na kila Probox inatokana nayo.

Sasa angalia sheria ile inamlinda nani. Inamlinda mtu aliyegongwa, na abiria katika magari ya uchukuzi. Inataka majeruhi au familia ya marehemu wapate fidia hata kama dereva ni maskini. Kwa Kenya fidia anayolazimika kulipa mwenye bima kwa dai la mtu mmoja ina kikomo cha shilingi milioni 3. Ni sheria njema. Lakini kuhusu boneti yako, haina neno. Serikali iliingia kwenye suala la mwili wa binadamu, ikaacha mabati yawe ni mapatano kati yako na kampuni.

Na mapatano hayo anayaandika nani? Kampuni. Wewe unatia saini tu.

Katika mikataba mingi ya bima kubwa kuna kipengele kifupi kinachosema kuwa hasara ikitokea, kampuni inaweza, kwa uamuzi wake yenyewe, kulipa pesa taslimu, kutengeneza gari, au kutoa jingine badala yake. Soma tena yale maneno "kwa uamuzi wake yenyewe". Hapo ndipo ufunguo wa gari lako unapobadilisha mkono. Kuna na kanuni ya pili, kwamba bima hukurudisha pale ulipokuwa, isikupandishe juu zaidi. Ndiyo sababu gari la miaka 10 likiwekewa kifaa kipya kabisa, unaweza kuambiwa uchangie tofauti, au uwekewe cha mtumba kutoka Japani.

Kanuni hizi si wizi. Zina mantiki. Lakini ukiziweka pamoja unapata hali ya ajabu: mwenye gari ni mmoja, anayechagua fundi ni mwingine, na anayepima kazi analipwa na huyo mwingine.

Wamarekani waliligombania hili mwaka 1963

Hapa ndipo nilipopigwa na butwaa, kwa sababu swali la mjomba lilikwisha kufikishwa mahakamani zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Wamarekani walinunua magari kwa wingi na kugongana kwa wingi. Vyama vya kampuni za bima vikaanzisha mpango wa kuwa na wakadiriaji hasara wao. Waliitwa wakadiriaji huru. Uhuru wao ulikuwa hivi: wanateuliwa na kuungwa mkono na vyama vya bima, na makadirio yao wanayapitisha kwa gereji zilizokubali bei. Gereji iliyokataa ilikosa wateja.

Serikali ya Marekani ikavishtaki vyama vitatu vya bima kwa kuvunja sheria ya ushindani. Mwanasheria Mkuu wakati huo alikuwa Robert Kennedy. Mwezi Novemba 1963 kesi ikaisha kwa makubaliano yaliyotiwa muhuri na mahakama ya New York. Vyama havikukiri kosa, lakini vilizuiwa kupendekeza au kudhamini wakadiriaji, kuwaelekeza wateja kwenda gereji hii au kuikimbia ile, na kupanga bei za matengenezo.

Mjomba angeifurahia hukumu hiyo. Lakini historia haikuishia hapo. Tangu miaka ya 1980 kampuni za bima, kila moja kwa upande wake, zilianza kujenga orodha za gereji "zao". Gereji inapata kazi mfululizo, na kampuni inapata punguzo. Kilichokatazwa kufanywa na chama kikarudi kupitia mikataba ya kampuni moja moja. Mfumo huo ndio uliosambaa duniani, na orodha iliyompeleka mjomba Mombasa ni ya namna hiyo hiyo.

Bei ilivyohama kutoka kichwani mwa fundi

Haya, sasa tunaingia kwenye fani yangu.

Zamani bei ya kazi ilikuwa kichwani mwa fundi. Anaangalia, anagonga bati kwa kidole, anasikiliza, anakutajia. Mwaka 1946 kampuni ya Mitchell ilianza huko California, na ikajulikana kwa vitabu vyenye bei za vifaa na muda wa kazi kwa kila aina ya gari. Mwaka 1966 Audatex ikaanza Ulaya na kuyafanya makadirio hayo kuwa kazi ya kompyuta. Mwaka 1969 kampuni za bima za Uingereza zikaanzisha kituo chao cha utafiti cha Thatcham, kazi yake ikiwa kujua jinsi ya kutengeneza magari kwa usalama na kwa gharama nafuu.

Mtu wa programu ataelewa haraka kilichotokea. Maarifa ya fundi yaligeuzwa kuwa jedwali. Mstari mmoja: boneti, bei ya kifaa, saa za kazi, bei ya saa. Ukishakuwa na jedwali, ubishi unakwisha, kwa sababu anayesema "kazi hii ni kubwa zaidi" anajibiwa "mfumo hauonyeshi hivyo".

Mimi huandika mifumo ya aina hii kila siku, siyo ya magari lakini ni ile ile. Na jambo moja nawaambieni kwa dhati: kitu ambacho hakina safu kwenye jedwali, kwa mfumo hakipo. Unaweza kulia mbele ya kompyuta mpaka kesho. Kama hakuna safu ya "umbali kutoka gereji", basi kilomita 200 ni sifuri. Kama hakuna safu ya "msimu wa maembe", wiki 9 ni sifuri.

Tena jedwali lina mwenyewe. Swali la kifaa kipi kitumike, cha kiwandani, cha kuiga au cha mtumba, ni swali la pesa na la usalama pia, na anayechagua safu ndiye anayelijibu. Wamarekani walilipeleka hili mahakamani nalo. Mwaka 1999 mahakama moja ya jimbo la Illinois iliamuru kampuni ya State Farm ilipe zaidi ya dola bilioni 1 kwa kuwawekea wateja vifaa visivyotoka kwa watengenezaji wa magari yao. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Illinois ikaifuta hukumu hiyo. Kwa hiyo msidhani Wamarekani wamemaliza mjadala. Hawajamaliza.

Kwetu Kenya

Sheria yetu ya Bima ilipitishwa mwaka 1984 na kuanza kutumika 1987. Mwaka 2007 ikaanza kazi Mamlaka ya Kusimamia Bima, ambayo wengi tunaijua kama IRA. Mbali na kampuni zenyewe, mamlaka hii husajili pia maasesa wa magari. Kwa karatasi, basi, asesa si mtu wa mtaani tu. Ana usajili na anaweza kuulizwa.

Lakini kwa miaka mingi wasiwasi mkubwa wa wasimamizi ulikuwa mwingine: je, kampuni zenyewe zitabaki hai? United Insurance iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, Concord mwaka 2013. Kampuni ikifikia hapo, malipo husimamishwa. Majeruhi hapati, mwenye gari hapati, na gereji iliyokwisha kutengeneza gari nayo inabaki na ankara mkononi. Gereji ikiungua mara moja, safari ya pili ina hila zake: inapandisha makadirio ili kufidia ucheleweshaji, au haitoi gari mpaka ione barua ya kampuni. Na asesa, akijua makadirio yamepandishwa, anakata hata yale ya haki. Ndiyo mvutano uliokula wiki za mjomba.

Mwaka 2019 Bunge lilirekebisha Sheria ya Ushindani na kukaza kifungu kuhusu mnunuzi mwenye nguvu anayemwonea muuzaji mdogo. Kuchelewesha malipo bila sababu ya haki ni miongoni mwa mambo yaliyotajwa. Gereji ndogo inayoidai kampuni kubwa sasa ina mahali pa kushika.

Na mteja je? Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mlaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili na haki ya kupewa habari anazohitaji ili afaidike na huduma hiyo. Kisha kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Hii watu wa kompyuta tunaijua kwa sababu inatupa kazi, lakini mwenye gari naye anafaa aijue. Inakupa haki ya kupata taarifa zako zilizo mikononi mwa kampuni, na kifungu cha 35 kinakupa kinga dhidi ya uamuzi mzito unaotolewa na mashine peke yake bila mtu kuhusika. Siku utakapoambiwa "mfumo umekataa", kumbuka kifungu hicho.

Garsen haimo kwenye jedwali

Tangu mwaka 2020 stika za bima Kenya zilianza kuwa za kidijitali. Hongera kwao, stika bandia zimepata pigo. Kompyuta imefika hadi kwenye kioo cha mbele cha gari la Garsen. Lakini ile huduma ambayo stika inaiahidi bado imekaa Mombasa na Nairobi.

Na barabara zetu si za mchezo. Wakubwa wanakumbuka enzi za kivuko pale Garsen kabla ya daraja, na jinsi mafuriko ya El Niño ya 1997 yalivyokata njia. Novemba 2023 Mto Tana ulifurika tena na kukata barabara ya Lamu upande wa Gamba. Aprili 2024 basi la abiria lilizidiwa na maji huko juu karibu na Madogo, na watu 51 wakaokolewa. Barabara ya Garsen kwenda Lamu nayo, hasa tangu 2014, imeshuhudia mashambulizi ya kutumia silaha dhidi ya magari, na kwa kawaida hasara ya ugaidi haimo katika bima kubwa mpaka uinunue kando.

Mtu anayeendesha gari katika mazingira haya ndiye anayehitaji bima kuliko mwendeshaji wa Nyali. Na ndiye anayeipata kwa taabu zaidi. Ajabu nyingine ni kwamba Garsen tuna Mahakama Kuu, inayosikiliza hata rufaa za ajali za barabarani. Jaji amefika. Gereji ya kwenye orodha ya mjomba haijafika.

Tusiwe waongo

Nilipoanza kuandika nilitaka kuzitukana kampuni zote. Nimejizuia, kwa sababu upande wa pili nao una maneno yake.

Fundi akisikia gari "lina bima", mara nyingi bei hupanda hapo hapo. Wapo wenye magari wanaoomba mkwaruzo wa zamani uingizwe kwenye ajali mpya. Wapo wanaogonga kwa makusudi. Bila mtu wa kukagua, pesa hizo tunazilipa sote mwaka unaofuata kwenye ada. Tena gereji ya orodha mara nyingi ina vifaa ambavyo fundi wetu hana, hasa kwa magari mapya yenye kamera na vihisio.

Kwa hiyo ukaguzi ni lazima. Ninachokataa ni mkaguzi kuwa na bosi mmoja katika ugomvi wa watu watatu, na mwenye gari kufichwa alichoandika.

Nilichomwambia mjomba

Baada ya kusoma yote haya nilimrudia na mambo machache, nanyi nawapa.

Kwanza, kabla ya kulipa, fungua mkataba utafute mambo manne: nani anachagua gereji, kikomo cha gharama ya kuvuta gari, aina ya vifaa vitakavyotumika, na kama unalipwa siku ambazo gari liko gereji. Uliza pia habari za mafuriko na ugaidi. Omba majibu kwa maandishi, hata kwa barua pepe.

Pili, ajali ikitokea piga picha nyingi na upate ripoti ya polisi. Mwombe fundi wako wa karibu aandike makadirio yake, yatie tarehe, uyatume kwa kampuni. Wanaweza kuyakataa, lakini sasa kuna namba mbili mezani.

Tatu, omba nakala ya ripoti ya asesa. Ukiambiwa ni siri ya kampuni, waulize kuhusu Sheria ya Kulinda Data.

Nne, usitie saini karatasi ya kuridhika kabla ya kuwasha gari, kulizungusha na kulikagua mchana. Kama kuna kasoro, iandike juu ya karatasi hiyo hiyo.

Tano, ukidhulumiwa peleka malalamiko IRA. Na tangu mwaka 2021 Kenya ina mahakama za madai madogo, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 1, ambazo sheria inazitaka zimalize kesi ndani ya siku 60.

Mjomba alisikiliza mpaka mwisho, akanywa chai yake, akaniambia, "Sawa mwanangu. Lakini hujanijibu. Asesa ni mtu wa nani?"

Nikamwambia, mjomba, kwa sasa ni mtu wa yule anayemlipa. Wamarekani walijaribu kulibadilisha hilo mwaka 1963 na wakafika nusu ya njia. Sisi tumeanza kuweka sheria, lakini bado hatujauliza swali lako kwa sauti.

Akatikisa kichwa. Probox imesimama nje, taa ya kushoto ina rangi ya manjano kuliko ya kulia. Mwaka huu ada ya bima imepanda, na mkopeshaji bado anataka bima kubwa. Amelipa. Safari hii alisoma mkataba wote, kurasa zote, akiwa na kalamu mkononi, na akaiandikia kampuni barua kuuliza gereji ya karibu na Garsen ni ipi.

Anasubiri jibu. Wakimjibu nitawaambia. Na wewe msomaji wa Hola, Witu, Lamu au popote ulipo, kama umepitia haya, andika hapa chini. Tuonane panapo majaliwa.